Niliicheka Mvua ya Mpemba

Nililisikia gitaa kabla mlango haujafunguliwa. Sauti ndefu, ya kuteleza, kama mtu anayeburuta kiti taratibu asiwaamshe wenye nyumba. Niliitambua, nikatamani kurudi kituoni.

Nimekosa, jamani. Naandika bila jina kwa sababu Edmonton, huku London, ni ndogo, na wanaonijua watanicheka mpaka Pasaka.

Rashid, rafiki yangu Mpemba, aliwahi kutoa albamu na wenzake watatu Wakenya. Ilikuwa ya muziki wa kantri, lakini kantri iliyovuliwa buti ikavalishwa koti la mvua: hakuna farasi, kuna basi la mwisho, ghala, na mtu anayengoja simu ya nyumbani. Niliisikiliza mara moja, tena nikipika. Kisha, katika jioni yetu ya wasomaji, nikasimama kuihakiki.

Wimbo mkuu ulisema: "Inakunya Edmonton, inakunya, nami niko nje." Mimi ni wa Nakuru. Nikawaambia watu kwamba hii ndiyo albamu pekee inayostahili kuuzwa pamoja na karatasi ya chooni. Ukumbi mzima ukaangua kicheko! Rashid naye alicheka, kule nyuma alikokaa. Hakunisahihisha. Ila tangu siku hiyo bendi haikupiga tena, na albamu zikabaki kwenye masanduku chini ya kitanda chake.

Basi Jumamosi hii nilikwenda kumrudishia mama yake sufuria. Akafungua mwenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ingia mwanangu, utarowa. Inakunya toka asubuhi."

Nikaganda pale mlangoni, sufuria mkononi. Nikatazama alikotazama yeye. Juu.

"Kwani kwenu Nakuru mvua hufanya nini?" akauliza, alipoona nimeduwaa.

"Hunyesha, Mama."

"Na kunya?"

Rashid alikuwa sebuleni, gitaa mapajani. "Mjibu, mwandishi," akasema. "Mbona mbele ya ukumbi ulijibu?"

Nikaishusha sufuria. Mama akaelewa mwenyewe, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema maana hiyo hata wao Wapemba wanayo, lakini mtu akilisema neno hilo huku anatazama juu, hiyo ni mvua.

Aibu yangu! Mimi ninayejisifu kupima kila neno! Na ubeti uliotangulia ulikuwa umeitaja mvua waziwazi. Mimi nilikuwa nakaanga vitunguu.

Nikaomba kuisikiliza albamu upya. Mama akaiweka. Safari hii nilinyamaza. Ngoma ilidondoka kwa uvivu kama maji ya paa, gitaa likateleza juu yake, na Rashid akaimba kwa sauti ya mtu aliyesahau funguo, ambaye haoni tena sababu ya kukimbia. Ni albamu nzuri. Wimbo wa nne ni mrefu mno, hilo silifuti, lakini ni nzuri, na kwa utani wangu karibu hakuna aliyeisikia.

Ilipokwisha, Rashid akalitia gitaa kwenye mfuko wake. Kuna mtu wa Southall ambaye Rashid alimwahidi kumpa gitaa hilo. Analipeleka leo, akasema, maana halina kazi tena. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nitasimama mbele ya watu walewale niseme nilivyokosea. Akaniuliza kama nitakuja na karatasi.

Ninyi mnaopenda kuchekesha watu kwa maneno ya wenzenu, nawaomba, mwulizeni kwanza mwenye neno! Mimi sikuuliza, na nilikuwa nimebakiza mlango mmoja tu kabla ya kulipoteza gitaa lile.

Rashid alivaa kofia yake pana, akashika mfuko. "Nje vipi?" akauliza, kana kwamba hajui.

Nikaenda dirishani. Nikatazama juu.

"Inakunya," nikasema, wala sikucheka.

Akanitazama kidogo. Kisha akaliegemeza gitaa ukutani, polepole. "Basi mbao za gitaa hazitoki leo, zitarowa," akasema. Akamuaga mama yake, akasema anapita kwa mpiga ngoma wa bendi, na mlango ukafungwa nyuma yake.