Gia ya Mzee Tarus

Msiniambie niliota. Mtu haoti akaamka na grisi kwenye kucha. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, hapa hapa Eldoret, na mpaka leo nikilisimulia nywele zinanisimama.

Kazi yangu ni kuchonga vyuma. Ndiyo, mimi ni mama, nina mashine yangu kwenye karakana za jua kali, na wenye pikipiki kuukuu wananijua. Siku moja akaja Mzee Kosgei kutoka mtaa wa West Indies. Zamani alikuwa akitibu ng'ombe kule Moiben, akizunguka kwa wafugaji na pikipiki ya Kiingereza ambayo spea zake ziliacha kutengenezwa kabla mimi sijazaliwa. Gia yake ya pili ilikuwa imevunjika meno.

"Mama, macho yananiisha," akaniambia. "Kliniki wamesema hayatarudi. Nataka niiendeshe tu nikiwa bado naona barabara."

Ungekataa? Mimi nilishindwa.

Lakini sikia ugumu wa kazi hii. Kifaa kilicholika huwezi kukiiga, maana utaiga mpaka pale kilipolika. Vipimo vyake ni vya inchi, na ukikosea hata upana wa unywele, gia inalia kama mbwa aliyekanyagwa. Chuma laini kinalika upesi. Kigumu sana kinapasuka. Ile ya kwanza niliyomchongea ilipasuka pikipiki ikiwa bado haijatoka kwa geti. Nikamwambia wazi, bila kupata nyingine nzima ya kupimia, tutasumbuka bure.

Akaniambia, "Tulinunua pikipiki mbili za kufanana, mimi na rafiki yangu Tarus. Boma lake liko Kiplombe. Hatujaonana miaka mingi. Mwambie ni mimi nimekutuma."

Nikaenda alasiri, mvua ya mawe ikiwa ndiyo imeacha tu. Nyuma ya stoo ya mahindi nikamkuta mzee mrefu mwenye koti la mvua linalofika kwa miguu, amechuchumaa akipangusa pikipiki. Na pikipiki yenyewe ilikuwa inang'aa! Moyo wangu ukafurahi. Kabla sijamaliza salamu, akasema, "Kosgei amevunja ya pili, sivyo? Siku zote anaiingiza kwa nguvu."

Nikadhani wamepigiana simu. Wewe ungedhani nini?

Akatia mkono kwa mfuko wa koti, akatoa gia. Ilikuwa imeshatolewa kwa injini, inaningoja! Akaniwekea kwenye kiganja. Ilikuwa na joto, kama injini imezimwa sasa hivi.

"Pima vile unataka," akasema. "Lakini yangu unirudishie, mama. Bado naitumia."

Nilichonga jioni ile ile, na niamini, sijawahi kuchonga kwa urahisi vile. Niliipika ile gia mpya kwa moto, nikaizamisha kwa oili, ikatoka bila ufa. Kwa pikipiki ya Mzee Kosgei ikaingia kama imezaliwa humo.

Kesho yake nikarudi Kiplombe na ile ya kuazima. Mama mmoja alikuwa anaanika mahindi. Akaniambia yeye ni Mama Faith, mke wa kijana wa Mzee Tarus. Nikamwambia nimeleta gia ya mzee.

"Mzee gani?"

"Si huyu wenu wa koti refu? Jana tumeongea hapo nyuma ya stoo."

Mahindi yakamwagika kutoka mikononi mwake. "Mama, huyo alizikwa kabla mimi sijaolewa hapa. Hilo koti walimzika nalo."

Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka. Akanivuta mkono mpaka nyuma ya stoo, na pale palipokuwa na pikipiki inayong'aa nikaona rundo la kutu. Magurudumu yalikuwa yamezama kwa udongo, na kuku alikuwa anaatamia mayai kwenye kiti.

Nikamwonyesha gia, naye akamwita mumewe. Bwana yake akaleta spana, lakini bolti zilikuwa zimeshikana kwa kutu hata hazitikisiki. Akazikata kwa tindo na nyundo. Kifuniko kilipoanguka, sote tukaruka nyuma. Ndani oili ilikuwa safi kama asali, inatoa moshi mwembamba. Gia zilikuwa zinang'aa. Na mahali pa ile ya pili palikuwa wazi!

Mama Faith akaanza kulia. "Kila jioni tunasikia pikipiki ikipita hapa nyuma. Tulidhani ni boda boda."

Nikairudisha ile gia. Ikateleza ikakaa yenyewe. Nikakimbia bila kuaga.

Nilipofika West Indies, Mzee Kosgei alikuwa ndiyo anarudi kutoka barabarani. Jasho lilikuwa linamtoka. "Mama, mguu wangu haujagusa gia. Kila mlima inaingia yenyewe, polepole, vile Tarus alikuwa akiingiza."

Nikamweleza yote. Nikamsihi tuitoe ile gia niliyochonga, niiyeyushe. Akakataa.

Macho yake yaliisha kabisa. Siku hizi binti yake humshika mkono hata kumpeleka mezani. Lakini jioni anapanda pikipiki peke yake, anaenda Moiben na kurudi, na hajawahi kugonga hata mbuzi. Nimemwona mwenyewe, uso ameuelekeza juu, na pikipiki inakwepa shimo baada ya shimo.

Mimi sasa chuma cha mtu sikipokei mpaka nione jamaa zake. Na wewe unayetafuta spea za vitu vya zamani, uliza kwanza kama mwenye kukupa yuko hai. Ukiwa barabara ya Moiben usikie pikipiki kuukuu ikipanda mlima bila kusita, toka kando uipishe, na tafadhali usimwite huyo mzee anayeiendesha kwa jina lake. Mimi nilimwita. Aliyegeuka kunijibu hakuwa Kosgei.