Mume wangu anataka nishike geji mbele ya baba mdogo

Admin, salamu. Kisa hiki kiweke, jina langu libaki kwako, maana Bukoba ni ndogo na magari mabovu ni mengi, wala sitaki watu waanze kukisia.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Kahororo. Ni fundi magari. Ndiyo, mwanamke, na kucha zangu zinaonyesha. Mimi na mume wangu tuna gereji kwenye kiwanja cha ukoo wao. Mimi nashika injini, yeye anatafuta wateja, na siku hizi ananunua magari yaliyochoka, anayapaka rangi, anayauza.

Aliyenilea ni baba mdogo, yuko Kimwani kule Muleba. Baba yangu alipofariki yeye ndiye aliyenisomesha kwa ndizi na kahawa, na ndiye aliyepokea mahari yangu. Mama mdogo sasa ana sukari, mguu una kidonda, na kliniki yake iko huku mjini. Anapanda bodaboda mguu ukiwa umefungwa kanga. Mzee akaona bora auze kipande cha shamba la kahawa atafute gari. Mume wangu aliposikia, akasema, "Baba asihangaike, gari lipo hapa nyumbani."

Gari lenyewe lilikuja linamisi, yaani injini inakatakata. Ukiliacha linaunguruma bila kukanyaga mafuta linatikisika kama mtu mwenye kwikwi. Mume wangu akabadilisha plagi, likamisi. Akanunua koili, likamisi. Nikamwambia aache kununua vitu, tupime. Nikahamisha koili ya silinda ya tatu kwenda ya kwanza, tatizo likabaki palepale kwenye ya tatu. Nozeli nayo hivyohivyo. Basi si umeme wala mafuta, ugonjwa uko ndani ya injini. Nikatoa plagi, nikafunga geji ya kompresheni, ile saa ya kupima mgandamizo ndani ya silinda. Silinda nyingine mshale unapanda vizuri, ya tatu unafika nusu na kuchoka. Nikamimina oili kidogo kwenye ile silinda nikapima tena, mshale ukapanda sawa na wenzake. Hapo fundi anajua kwamba ringi za pistoni zimekwisha, oili imeziba tu mwanya kwa muda. Zingekuwa valvu, oili isingesaidia kitu.

Nikamweleza mume wangu kwamba injini lazima ifunguliwe. Yeye akauliza swali moja tu, "Kwa hiyo ukiweka oili inapanda?" Nikafurahi. Nilidhani anajifunza kazi.

Wiki iliyopita natoka sokoni nakuta baba mdogo yuko gereji, na mume wangu anampimia kompresheni. Silinda zote sawa. Injini haijafunguliwa, sasa ringi zimepona lini? Nikainama kuchungulia tundu la plagi ya tatu, nikaona oili nzito inang'aa. Mzee alikuwa amekuja na kahawa za kutafuna kwenye jani la mgomba, akampa mkwe wake mkononi kama tunavyowapa watu tunaowaheshimu. Mume wangu akapokea kwa mikono miwili, mikono ileile yenye oili, akatafuna huku anatabasamu. "Kasinge waitu, baba," anamshukuru kwa Kihaya. Nilitaka kutapika.

Baba mdogo akasema, "Mimi hiyo saa yenu siielewi. Nitarudi Jumamosi na pesa. Siku hiyo apime mwanangu. Akisema ni zima, ni zima."

Mzee alipoondoka nikamuuliza mume wangu kama ana akili timamu. Alikuwa anakula ndizi na senene, wale panzi wa kukaanga, anazichota kwa vidole bila hata kunawa. Akanijibu, "Kila mtu anauza hivyo. Akifika Muleba likaanza kumisi, tutamwambia amewekewa mafuta machafu kule kwao." Yaani na uongo wa kesho ameshauandaa. Nikamwambia gari litamzimikia mlimani na mgonjwa yuko ndani. Akalamba vidole. "Wewe hutadanganya chochote. Mimi nitaweka oili kabla hajafika, wewe utashika geji tu. Geji ndiyo itasema."

Ndugu zangu, nimelala na mtu huyu miaka yote hii. Sasa akinigusa naona kinyaa. Akikohoa naona kinyaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zake nazifua.

Nilimwambia nitasema ukweli. Akaniambia nikifungua mdomo nirudi Kimwani na mikono mitupu, watoto ni wa ukoo wao na gereji iko kwao. Mama yake naye akanipigia, ati mke mwenye adabu haaniki aibu ya mumewe hadharani. Kumbe wote wanajua! Ni mimi tu niliyekuwa nafundisha somo bila kujua natoa silaha.

Leo asubuhi baba mdogo amepiga simu. Kauza kile kipande cha shamba. Mama mdogo amepiga pasi kitenge chake, anataka aje naye Jumamosi ili arudi nyumbani amekaa kwenye kiti cha mbele. Nikasikia anacheka kwa nyuma, anasema, "Mwambie mwanangu nimechoka na bodaboda."

Jumamosi ni keshokutwa. Nikisema, naweza kupoteza watoto wangu. Nikinyamaza, namuuza aliyenilea. Nishaurini kama ndugu yenu, nifanye nini? Na msiniambie niiache geji iseme, maana mzee hajui kuisoma. Ataniangalia mimi usoni.