Kitambaa Changu, Ukurasa wa 112

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, sisi watu sita hukutana nyuma ya duka la vitambaa mjini Nyeri, tukiizunguka meza ya kukatia nguo. Mwenye duka, ambaye babu yake alikuja kutoka Bara Hindi na kuanza biashara hapo hapo dukani, hufunga mlango saa nane, akaleta chai ya tangawizi, kisha akachukua yadi yake ya mbao ya kupimia vitambaa na kumpa mmoja wetu. Anayeshika yadi husema anasoma kitabu gani, amefika ukurasa wa ngapi na amekionaje. Wengine hunyamaza. Kwangu kunyamaza ni adhabu, maana nilifundisha miaka mingi na sikuwahi kuzoea kungoja zamu.

Mwenye duka hutukatia pia vipande vya kitambaa vya kuwekea alama kurasani, kila mtu na rangi yake. Changu ni cha kijivu, cha sare ya shule. Alisema nikikunja uso bado nafanana na mtu anayesaka mwanafunzi mchelewaji. Tukimaliza kitabu, tunampa mwingine.

Kanuni yetu kubwa niliitunga mimi: ni marufuku kusema mwisho wa kitabu. Mwenzetu mmoja alitufichulia muuaji kabla hatujamaliza hata chai, nikasimama nikamfokea mpaka mwenye duka akanishika bega. Tangu siku hiyo anayefichua mwisho huosha vikombe vyote.

Sasa, kulikuwa na riwaya moja ya ndugu wawili waliogombania shamba la baba yao. Niliianza kwa hamu. Nilipofika ukurasa wa 112, mwandishi akamtuma ndugu mkubwa kuchuma kahawa mbivu mwezi wa tatu, wakati huku kwetu miti iko kwenye maua. Mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa. Nilikifunga kitabu kwa hasira na sikukifungua tena. Lakini Jumamosi ilipofika nikapewa yadi, na watu watano wakanitazama. Niliona aibu kusema nimeshindwa, mimi niliyewachapa watu kwa maneno kwa kutomaliza vitabu. Nikasema nimekimaliza, na kwamba mwisho wake ulinitoa machozi. Hakuna aliyeniuliza zaidi, kwa sababu kanuni ilikataza. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na kanuni ya kuilinda, basi ikarefuka miezi mitatu.

Kitabu nilimpa mama mmoja wa kikundi chetu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Mukurweini. Yeye husoma polepole, asubuhi akingoja gari la kuchukua maziwa, na anachokisoma hakimtoki. Namheshimu kuliko ninavyoonyesha.

Jumamosi moja isiyo ya mkutano alinipigia simu.

"Mwalimu, niko na shida. Huu mtoto wa jicho umenimaliza. Herufi zinaruka tu. Jumatatu wananifanyia oparesheni."

"Pole sana, mama. Utapona."

"Nimebakisha kurasa kama thelathini. Hebu niambie mwisho. Hao ndugu wanapatana ama hawapatani? Nikiamka nikose kuona, angalau nitakuwa najua."

Nilikuwa nimesimama jikoni na sufuria mkononi. Ningeweza kusema ukweli kwa maneno matatu.

"Mama, kanuni ni kanuni," nikamwambia.

Nilisikia ng'ombe akilia upande wake.

"Haya, Mwalimu. Ni sawa."

Nilijichukia jioni nzima. Mtu anaogopa giza, ananiomba kurasa thelathini, nami namtolea sheria. Jumapili baada ya kanisa nilipanda bodaboda mpaka kwake. Nitajifanya nimekuja kumsomea kwa huruma, niliwaza, na uongo wangu utabaki umefunikwa.

Nilimkuta ameketi nje kando ya zizi, miwani imelala mapajani. Alifurahi. Akanipa kitabu, nikakifungua, nikaona vitambaa viwili. Chake cha manjano kilikuwa ukurasa wa 171. Cha kijivu kilikuwa 112, pale pale nilipokiacha. Nilikuwa nimempa kitabu pamoja na ushahidi. Nikamtazama. Alikuwa ameangalia ng'ombe wake.

"Anzia kwa hiyo ya manjano," akasema.

Nikaanza kusoma kwa sauti ya darasani. Ukurasa wa pili tu, mjane fulani akaingia na kuwaamuru ndugu wote wawili waketi. Sikumjua. Nikasahau nilikuwa nani na nilikuwa nimedai nini.

"Huyu mjane naye ametoka wapi?" nikauliza.

"Ametoka ukurasa wa mia na thelathini, Mwalimu."

Nilihisi masikio yakiwaka.

"Ulijua?"

"Tangu siku ile ulinipatia. Kitambaa yako si ilikuwa hapo?"

"Na mbona hukusema mbele ya watu?"

"Si wewe ndio ulikuwa umeshika yadi?" Akapapasa miwani yake. "Nilikupigia simu nikafikiria, huku hakuna watu, ataniambia ukweli."

Nilimwomba msamaha, akaniambia niendelee kusoma kabla jua halijazama. Nikasoma hadi mwisho. Ndugu wale walipatana: kila mmoja alikuwa ameamka alfajiri kwa siri kuusogeza mpaka wa shamba uingie upande wake, ili nduguye apate zaidi, wakakutana katikati ya shamba wakiwa na nguo za kulalia, wakacheka mpaka wakaketi chini. Yule mama alicheka naye, akajifuta macho yake mabovu kwa leso.

"Na hapa ndipo ulilia?" akaniuliza.

Oparesheni ilikwenda vizuri. Mkutano uliofuata alikuja na miwani nyeusi, akaweka riwaya mezani ili impate msomaji mwingine. Nilikifungua kitabu kabla ya chai. Kitambaa changu cha kijivu hakikuwa tena mahali pake. Alikuwa amekihamishia ukurasa wa mwisho kabisa, na alikuwa akizungumza na mwenye duka kuhusu bei ya pazia kana kwamba hajui lolote.

Yadi ilipofika kwangu, niliiegemeza begani kwanza. Nikakitoa kile kitambaa mbele ya wote, nikakirudisha ukurasa wa 112, ndipo nikaanza kusema.