Jinsi kadi ya harusi ya dada yangu ilivyogeuka talasimu Kilifi

Wakuu, salamu kwenu, wa pwani na wa bara.

Ninayoyaleta hapa yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi. Kama dada yangu yumo humu, namwomba apite bila kukoment.

Mimi ni mtu wa Shella, Malindi. Kwenye ukoo wetu mimi ndiye "mtu wa kompyuta". Kazi yangu halisi ni kuuza kava za simu na kubandika vioo, lakini ukijua kuzima kitu na kukiwasha tena, kwetu wewe ni injinia.

Sasa dada yangu Rukia akaposwa na kijana wa Kilifi, Athman. Rukia alikuwa amemngoja miaka minne, kijana yuko kazini Uarabuni, na sasa amerudi. Mamangu akasema kadi wapewe watu wanaojua kuzitengeneza. Nikaona hiyo ni dharau, nikajitolea.

Juu ya kadi nikaweka mapambo, mistari mitatu, kila mstari alama tatu. Katikati ile Bismillah nzima ya Kiarabu inayokuja kama alama moja, huku na huku maua, nyota na mioyo. Vyote nilivitoa mtandaoni, kopi, pesti. Kwenye laptop yangu ilipendeza hata nikajionea wivu.

Kadi za upande wa bwana harusi tulikubaliana zichapishwe huko huko Kilifi, zipelekwe kwao moja kwa moja. Jamaa wa kuchapisha akaomba nimtumie PDF. Nikamtumia faili lenyewe nililochorea, maana niliona PDF ni ya watu wasiojiamini.

Kumbe mashine yake inatumia mfumo tofauti na wangu, na fonti zangu hana. Nilipomuuliza baadaye kwa nini aliona vitu havieleweki na hakunipigia, alinijibu, "Nilidhani ndiyo design ya siku hizi."

Kilichotoka ni visanduku tisa, tatu kwa tatu, na ndani ya kila kimoja mna vijiherufi na vinamba.

Wa pwani mshaelewa. Wa bara niwaeleze: talasimu za kufunga watu huandikwa vivyo hivyo, miraba iliyojazwa herufi na namba. Na mimi nilikuwa nimewapelekea wakwe zetu nakala mia na hamsini.

Kadi zilipokewa na Bi Mwanakombo, shangazi yake Athman, ndiye aliyemlea. Alifungua moja, akaifunga, akalitoa boksi zima uani, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Akaitwa bwana mmoja wa mtaani kwao anayepiga ramli kwa vitabu vya falaki. Huyo hakuhitaji hata miwani. Kisanduku hiki cha kumsahaulisha kijana jamaa zake, hiki cha kumhamishia Malindi, hiki cha katikati kizito, hakisemeki. Akaongeza kwamba aliyeandika kazi hii ni msomi sana. Nakiri niliposimuliwa hapo nilifurahi kidogo.

Jioni simu ikaja: harusi imesimama mpaka aliyeandika aje ajieleze.

Mamangu alilia. Rukia hakulia, alinitazama tu, na kwangu hilo lilikuwa baya zaidi.

Kesho yake nikawa Kilifi na laptop kwapani. Nikawaamkia Bi Mwanakombo, Athman na yule bwana wa falaki, nikakaa mkekani, nikaanza somo.

Nikawaambia kompyuta haijui ua wala moyo. Kila alama ina namba yake. Ukituma ua, kinachosafiri ni ile namba, halafu mashine ya anayepokea ndiyo inayotafuta picha kwenye fonti zake. Isipoipata, inachora kisanduku tu, na nyingine huiandika ile namba ndani yake.

"Kwa hivyo wakubali mna namba ndani," akasema Bi Mwanakombo.

"Naam, shangazi."

"Na namba hizo hupangwa na nani?"

"Kuna kamati huko ng'ambo. Wao ndio huipa kila alama namba yake."

"Wawajua watu hao?"

"Hapana, shangazi."

Akamgeukia bwana wa falaki. Yule bwana akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mwalimu aliyepewa jibu sahihi.

Wakuu, nilitoka jasho. Ndoa ya dada yangu inavunjika, na anayeivunja ni mimi, kwa maelezo ya kitaalamu.

Nikafungua laptop nimwonyeshe Bi Mwanakombo kadi ilivyokuwa. Akasema hayo maua nimeyatia njiani.

Nikamuuliza, "Shangazi, simu yako haijapata kukuletea visanduku?"

Akatoa simu yake, ya zamani, kioo kimepasuka, akaiweka mbele yangu.

"Visanduku ni hivi," akasema. "Mwanangu Saumu yuko Nakuru. Kila ujumbe wake huutia hivi mwishoni. Miezi mitano sasa simjibu."

Kumbe bwana wa falaki alishavisoma na hivyo pia, akamkataza kujibu.

Nikaomba ruhusa, nikaurusha ujumbe wa mwisho kwenye simu yangu. Ulikuwa unasema, "Mama, nijibu hata neno moja," na visanduku vitatu. Kwangu vikafunguka: moyo, moyo, na mikono miwili iliyoungana kufanya moyo.

Nikampa aone. Akaisogeza ile simu karibu na macho.

"Ndivyo alivyotuma?"

"Ndivyo alivyotuma, shangazi. Tangu mwanzo."

Akafunika uso kwa mtandio. Bwana wa falaki akakumbuka ana safari. Mimi niliingiwa na huzuni hata nikasahau kuuliza habari za harusi, ikabidi Athman mwenyewe aniambie niende nikachape kadi nyingine.

Funzo kwa wenzangu mnaojiita watu wa kompyuta: mnachokiona nyinyi si lazima ndicho anachokiona mwenzenu. Tumeni PDF, na fonti ziwemo ndani. Alama ya muhimu iwekeni kama picha. Na ukipokea kisichoeleweka, muulize aliyekituma kabla hujamwita wa kukusomea.

Uwanja ni wenu, nichekeni mtakavyo, na aliyewahi kugombana na mtu kwa sababu ya visanduku asione haya kusema.

Najua mtauliza kama Saumu alikuja harusini. Alikuja siku tatu kabla. Basi lilikuwa la kufika jioni, na mamake alikuwa stendi tangu asubuhi.