Waya Nilioupachika Vibaya

Wanajumuiya wa hapa mtaani Ziwani walipoamua kuja kusali kwangu, nyumba ilikuwa haijapigwa deki ya maana tangu tumzike mke wangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mwenyeji huyu karibu afe. Vitambaa vyote alivyofuma mke wangu, vya makochi, vya meza, vya runinga, nilivifua kwa mkono, kisha nikaona aibu kuvitandika juu ya vumbi. Nikachomoa kila waya kwenye kabati la runinga, nikapangusa, nikaurudisha. Ibada ikafanyika, chai ikanyweka, kina mama wakasifu usafi. Nikajiona bingwa.

Kumbe nilikuwa nimeharibu.

Kwenye kabati hilo kuna sanduku jeusi lenye diski nne, ghala la mafaili yetu. Binti yangu, mtoto wetu wa pekee, ndiye aliyelileta kabla ya kwenda kufanya kazi ng'ambo, akatia humo picha zote za familia. Ndani yake akaunda kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili, programu tu inayojiona kompyuta kamili. Kazi yake ni moja: kumfungulia picha popote alipo.

"Baba, wewe tia picha tu," aliniambia. "Nikifungua huko nitakuwa nawaona."

Basi baada ya mazishi, kila Jumapili nilitia. Geti la kanisa lililopakwa rangi upya. Mboga zangu za sukuma wiki nilizopanda ndani ya mikebe. Kwangu hizo zilikuwa salamu, sikuona haja ya simu. Msemaji wa nyumba hii alikuwa mama yake. Tulipobaki wawili tulipigiana mara mbili tatu, tukaulizana kama mvua imenyesha, tukakata.

Jumapili iliyofuata ile ibada, ukurasa wa picha ulikataa kufunguka. Mafaili niliyaona kupitia kompyuta yangu ndogo, sanduku lilikuwa zima, lakini ile kompyuta pepe ya ndani haikujibu. Nilizima, nikawasha. Nikamwita fundi wa intaneti, akapima kwa simu yake akiwa amesimama mlangoni.

"Mzee, net iko fiti kabisa. Shida ni hiyo mashine yako."

Akaenda zake. Msaada mkubwa sana huo.

Karibu wiki mbili nilipigana na kile kitu. Nimekuwa karani wa stoo kwenye viwanda vya Industrial Area maisha yangu yote ya kazi, najua kutafuta kilichopotea rafu kwa rafu bila kuharakisha. Lakini safari hii sikuwa na subira. Nilikuwa nikimwona akilini binti yangu huko aliko, ametoka kazini, anataka kuingia, anakuta mlango umefungwa, anadhani baba yake amemfungia makusudi. Nilibaki nikiongea peke yangu, nikiitukana kompyuta isiyo na mwili matusi ya watu wenye miili.

Jumamosi mchana nikakaa nikasoma mipangilio yake mstari kwa mstari. Hapo nikaona kwamba ile ya ndani ilikuwa imefungwa kwenye tundu la kwanza la mtandao. Kwani yako mangapi? Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Nikapiga magoti nyuma ya kabati. Matundu yalikuwa mawili, yanafanana kabisa, na mimi waya nilikuwa nimeupachika kwenye la pili. Sanduku lenyewe halikujali, lilipokea mtandao kwa tundu lolote. Ya ndani ilijua moja tu, ikawa inangoja hapo siku zote hizo. Nikauhamisha waya. Ukurasa ukafunguka.

Nilicheka kwa sauti, peke yangu sebuleni. Kisha, ili nihakikishe hata mtu wa mbali anaweza kuingia, nikafungua orodha ya walioingia, ambayo sikuwahi kuitazama. Tangu mazishi jina langu lilijaa, Jumapili baada ya Jumapili. La binti yangu lilikuwepo mara moja, wiki ile aliyorudi ng'ambo baada ya mazishi. Chini ya hapo ni mimi na mimi tu.

Mwaka mzima nilikuwa nikituma salamu na hakuna aliyezipokea. Iliniuma. Nilijiona mjinga, na mpweke kuliko siku tuliyotoka kaburini.

Nikampigia. Alishika upesi.

"Baba? Kuna nini?"

"Picha. Hufungui picha."

"Tangu mazishi nilifungua mara moja. Ya kwanza ilikuwa Mama anacheka. Nikafunga, Baba. Sikuweza tena."

"Ungeniambia. Mbona hukupiga?"

"Na wewe, mbona hukupiga?"

Jibu la hasira nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza, nikasema la kweli.

"Niliogopa utaona ni mimi, uiache simu iite."

Nilimsikia akilia. Lakini hakukata, na mimi sikukata.