Pampu Niliyoifunga Mwenyewe

Wapendwa, mnaonifahamu mnajua sikuanza na kitu. Nilitoka kijijini Maji ya Chai na begi moja, nikafanya kazi Omani miaka tisa kwenye mitambo ya kusafisha maji. Nilirudi na diploma, nikajenga nyumba mtaa wa Njiro. Jambo la mabomba halijawahi kunishinda.

Kiangazi kilichopita maji yalikuja kwa mgao, tena kwa kudondoka. Mimi si mtu wa kupanga ndoo foleni. Nilifunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, ikanyonya, tangi langu likajaa.

"Baba Glory, hii inaruhusiwa?" mke wangu aliuliza.

"Wewe pika. Mwenye diploma ni nani?"

Wiki ya pili tumbo lilinikata tukiwa mezani asubuhi. Kufika mchana nilikuwa natoa maji matupu, meupe kama ya kuoshea mchele. Nikatapika. Misuli ya miguu ilikaza nikalia kama mtoto. Vidole vilinywea, macho yakazama, mkojo ukakauka. Nilitaka kusema nakufa, sauti haikutoka.

Hospitali walinitundikia dripu mikono yote miwili. Daktari, binti mdogo tu, aliuliza, "Mzee, hiki ni kipindupindu. Maji ya kunywa mnatoa wapi?"

"Bombani," nilinong'ona. "Yanatiwa klorini kule juu. Kazi hiyo naijua."

"Basi yanachafukia njiani."

Hapo nikaelewa. Maji yanashuka kutoka matangi ya mlimani yakiwa safi, na presha ndiyo inayoyalinda: bomba likiwa na ufa, maji yanavuja kwenda nje, uchafu hauingii. Pampu yangu iligeuza mambo. Ilikuwa inavuta uchafu wa nje kupitia ufa, na bomba letu linapita kando ya shimo la choo. Haya nilifundishwa darasani.

Nilimshika mke wangu mkono. "Glory ameyanywa?"

"Namchemshia tangu ulipofunga hiyo mashine yako."

"Na mimi?"

"Wewe ulisema yaliyochemshwa yananuka moshi. Nikakuacha na diploma yako."

Nilimshukuru Mungu kwa mtoto, kisha hofu nyingine ikanijia. Majirani wanatumia bomba hilo hilo. Nililala na siri ile kama saa nzima, naona aibu kuliko ninavyoogopa kufa. Mwishowe nikamwambia, "Nenda kawaambie wasinywe. Waambie ni mimi."

Alikwenda nyumba kwa nyumba. Mafundi wa maji walikuja, wakang'oa pampu, wakaziba ufa, wakalisafisha bomba kwa dawa. Hakuna mwingine aliyeugua. Siku ya tatu nilikojoa, na sijawahi kufurahia kitu namna ile.

Namshukuru Mungu, yule binti daktari, na Mama Glory. Ndugu, usinyonye bomba la mtaa. Kinga maji yanapokuja, yachemshe. Ukianza kuharisha maji meupe, kimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Bado najua mabomba kuliko mtu yeyote Njiro. Ila siku ya mgao napanga ndoo, na mama wa nyumba ya pili haachi kuniita, "Diploma, sogea nyuma, mimi nimekutangulia."

Nasogea.