Kisigino Chini

Siku ya kwanza kukabidhiwa watoto wa mpira ilikuwa asubuhi ya Juni, kijijini Kate, katika shule ya msingi niliyopangiwa nikiwa mwalimu mgeni. Upepo wa Juni wa Ufipa mnaujua. Juu watoto walivaa masweta, chini walikuwa peku. Mwalimu Mkuu alinikuta nyuma ya darasa nikipiga danadana, nikidhani sionekani.

"Kumbe unacheza," alisema.

"Kidogo, mkuu."

"Basi chukua darasa la kwanza na la pili. Wakubwa wana mwalimu wao."

"Hawa wadogo niwafundishe nini, mkuu?"

"Wafundishe kuuacha mpira. Sasa hivi wote wanaukimbilia kama kuku waliomwagiwa mtama."

Akacheka mwenyewe, akaenda zake. Miaka yote iliyofuata sikupata maelezo ya kazi hii yaliyo bora kuliko hayo. Mtoto mdogo hajui nafasi uwanjani; anajua mpira tu, na mpira uko mmoja. Ukimfokea atawanyike, atasogea kidogo kisha atarudi. Nilijifunza polepole, kwa kusoma nilichopata na kwa kujaribu, kwamba mtoto huacha kuukimbilia mpira siku anapoamini kuwa ukimfikia hautamtoroka. Ndiyo maana nilianza na kutuliza kabla ya mashuti na chenga.

Kwa mpira unaoviringika chini, tunatuliza kwa unyayo: vidole juu, kisigino chini, mguu unakuwa kama kibanda chenye mlango mmoja, mpira unaingia na kubanwa humo. Kisigino kikiinuka, mpira unapita chini yake, hasa nyasi zikiwa na umande. Mpira wetu ulikuwa wa mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa kamba za katani. Ulikuwa mzito, tena haukuwa duara kamili, ukiviringika unayumba. Aliyeweza kuutuliza huo, aliweza kutuliza wowote.

Baadaye nilihamishiwa shule ya kijiji cha Pito. Afisa Michezo alikuja kutukagua, akasimama pembeni mikono nyuma.

"Mwalimu, mbona sioni magoli?"

"Bado tunatuliza, mkuu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utulie."

Hakupenda jibu hilo, lakini hakuniondoa.

Pito ndiko nilikomkuta Gaudensia, wa darasa la tatu, aliyelelewa na bibi yake. Mpira ukimfikia ulinyamaza. Wavulana walimtania, "Gaude, mpira unakuogopa!" naye alijibu, "Nyie hauwaogopi, ndiyo maana unawakimbia." Sijapata mtoto mwingine wa namna ile.

Mvua zilipokaribia kuisha, aliacha kuja mazoezini. Ulikuwa msimu wa ntumba, yale matuta yetu ya mviringo: unapindua nyasi pamoja na udongo, unazifukia zioze ziwe mbolea, juu unapanda maharage. Ni kazi ya mgongo, na kwa bibi mgongo ulikuwa umechoka. Nilimfuata shambani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu wa mateke."

"Nimekuja kumwombea Gaudensia ruhusa. Jioni tu."

"Jioni ndipo jua limepoa, ndipo tunalima. Au huo mpira wako unajua kupindua nyasi?"

Nilitazama shamba. Ntumba chache zilikuwa karibu na njia. Kwingine kote nyasi zilikuwa zimesimama. Kwetu mtu aliyezidiwa na shamba huita watu, wakaja na majembe yao, wakimaliza akawanywesha pombe. Bibi hakuwa tena na nguvu za kupika pombe, kwa hiyo hakuita mtu.

"Nikikuletea watu?" nilimwuliza.

"Sina pombe, mwanangu."

"Hawanywi."

Alinitazama vizuri. "Watu gani hao wasiokunywa? Walokole?"

"Darasa la tatu, bibi."

Jumamosi walikuja na majembe, baada ya kuwaomba wazazi wao. Bibi alipika togwa ya ulezi. Ntumba zao zilikuwa ndogo na zimepinda. Alipita nyuma akizirekebisha kwa mikono, akiuliza kama hizi ni ntumba au vichuguu. Kazi ilipokwisha nilitoa mpira, wakaanza kupigana chenga katikati ya matuta, kwa sharti moja: anayebomoa, anajenga. Bibi aliketi na kibuyu chake akitazama. Nikamsikia akipaza sauti, "Gaude, usiwape!"

Tulipoagana aliniambia, "Jumatatu atakuja."

Kila mwaka baada ya hapo timu ililima shamba la bibi. Gaudensia alicheza hadi darasa la saba. Mwaka huohuo bibi alifariki, na shangazi yake akaja kumchukua kwenda Laela. Alipita kuniaga na mfuko wake wa nguo.

"Mwalimu, Laela kuna timu ya wasichana?"

"Sijui. Ukifika uliza."

Sikusikia tena habari zake. Sasa nimestaafu. Walimu vijana wana koni za plastiki na mipira ya ngozi, nami nawafurahia. Jioni filimbi ikilia uwanjani, mguu wangu husogea chini ya meza. Lakini jueni hili mnaoanza: anayefundisha wadogo haoni mavuno. Wanaondoka wangali wadogo, na unabaki na swali.

Mwaka jana nilipanda basi la Tunduma. Laela likasimama, wachuuzi wakazunguka madirisha. Kutoka nyuma ya magunia ya mahindi ukatoka mpira wa watoto, ukielekea kwenye magurudumu. Mama mmoja, mtoto mgongoni na beseni la mayai kichwani, alinyoosha mguu. Mpira ukanyamaza. Akaurudisha kwa ubavu wa mguu, beseni halikutikisika.

"Mkacheze huko! Nani kawaambia barabarani?"

Alipogeuka ndipo nilipomwona uso. Basi lilikuwa limeanza kuondoka. Nilitoa kichwa dirishani.

"Gaude! Kisigino!"

Aligeuka, akatafuta dirisha moja baada ya jingine, asinione. Watoto wakaurudisha mpira kwake kwa makusudi. Macho yake yalikuwa bado kwenye basi, hakuutazama. Mguu ulikwenda wenyewe: vidole juu, kisigino chini.